Mwaka Niliotengwa Nambis

Mwezi uliopita tulimzika Mama Safari, kule Nambis. Nilipokuwa nangoja zamu yangu ya kutupa udongo, mwanamke mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, "Huyu ndiye yule wa mimba ya damu." Sikugeuka. Nilitamani aendelee, maana napenda kusikia mambo yangu yakisimuliwa na watu wasionijua. Huwa wanajua vitu ambavyo mimi mwenyewe sikuviona. Lakini mwenzake alimfinya, zamu yangu ikafika, nikatupa udongo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiupanga upya mwaka ule kichwani, mwaka wa korona, nikijiuliza marehemu alijua nini na alianza kukijua lini.

Habari za kwetu na za wazazi wangu nitaziacha, hazina sehemu hapa. Inatosha kusema kwamba niliacha shule darasa la sita kwa sababu lori la viazi lilisimama karibu na dirisha letu wakati wa hesabu, nami nikataka kujua linakwenda wapi. Lilikuwa linakwenda Katesh. Baada ya Katesh nilitaka kujua kuna nini mbele yake, na miaka ikaenda hivyo: nimelima vitunguu, nimepika makambini, nimeuza chai katika minada yote ya Hanang, na nilipokuwa na miaka ishirini na sita nilikuwa sijawahi kulala nyumba moja kwa zaidi ya msimu mmoja. Ndiyo maana naukumbuka sana mwaka ule. Ni mwaka pekee niliokaa mahali pamoja, na sikukaa kwa kupenda.

Ugonjwa wangu uligunduliwa mnadani Balangdalalu, na aliyeugundua hakuwa mganga wala nesi. Alikuwa mama mmoja wa Kibarabaig, mrefu, mwenye bangili za shaba hadi karibu na kiwiko, aliyekuja kunywa chai kwenye meza yangu wakati mume wake akibishania bei ya fahali. Miezi hiyo nilikuwa natoka jasho usiku hadi khanga inalowa, nikila matonge mawili nimeshiba, na upande wa kushoto wa tumbo langu kulikuwa na kitu kigumu kilichokuwa kinakua. Nilikuwa nakipapasa kila asubuhi, nikijiuliza ni nini. Mama yule alinitazama nikiinama kuchochea moto, akauliza, "Binti, una mtoto hapo?"

"Sina, mama."

"Njoo." Bila kusubiri akaweka mkono wake ubavuni kwangu, akabonyeza kwa vidole vilivyonyooka, taratibu, kama mtu anayepima unga gunia likiwa limefungwa. "Kweli huna. Mtoto anapiga teke. Hiki kimelala tu. Hili ni bandama." Akafuta mkono wake kwenye ngozi aliyovaa. "Ng'ombe akiwa na bandama kama hili, sisi hatumli. Tunamfukia."

"Na mtu je, mama?"

"Mtu anakwenda hospitali kwanza," akasema, na wote mezani wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu jibu lilikuwa zuri.

Sikwenda hospitali mara moja. Nilipanda kwanza Bashay, ambako kulikuwa na kazi ya kusafisha vitunguu saumu ghalani. Korona ilikuwa imeingia nchini, shule zimefungwa, na kila mtu mjini alitaka vitunguu saumu vya kwetu na tangawizi na malimau. Tulikuwa wanawake sita katika chumba kimoja nyuma ya ghala. Mikeka sita, dirisha moja lililozibwa kwa gunia, na harufu ya saumu iliyoingia kwenye nywele na kwenye ugali, hata ndotoni. Jioni tulijifukiza kwa zamu: sufuria ya majani ya mkaratusi katikati, blanketi juu, vichwa viwili viwili, na kutoka ndani ya blanketi zilisikika sauti za watu wakikohoa na kucheka na kusema siri ambazo nje wasingezisema. Siku moja nikiwa ndani nilisikia walio nje wakizungumza habari zangu. Mmoja alisema, "Miezi mitano." Mwingine akasema, "Hapana, anabeba kwa juu, ni minne." Wa tatu, mwenye chumba, hakubishana nao kuhusu miezi. Aliuliza tu, "Na ana mume?"

Kwa mgeni lazima nieleze hapa. Wairaqw tuna utaratibu wa zamani wa kutenga watu, unaitwa metimani. Mtu aliyeguswa na jambo zito, kifo cha mtoto, kwa mfano, anakaa peke yake kwa muda: ana kikombe chake, moto wake, njia yake ya majini. Hashikani mikono na mtu. Na msichana aliyebeba mimba kabla ya kuolewa, zamani alitolewa kabisa, hakutakiwa kulala chini ya paa la watu. Wazee waliamini kwamba ataharibu mazao na mifugo, hata watoto wa nyumba. Makanisa yamehubiri dhidi ya jambo hilo mpaka vijana wengi hawalijui jina lake. Lakini halijafa. Limekaa tu pembeni, kama jembe la babu nyuma ya mlango.

Mwenye chumba alinijia asubuhi, kwa heshima kabisa. "Dada Fausta, mimi ni Mkristo na sikuhukumu. Lakini humu kuna mali ya watu. Vitunguu vikioza, nitasema nini?"

"Sina mimba, dada."

"Sawa," akasema. "Lakini utoke."

Ndivyo kosa lao lilivyoniokoa kwa mara ya kwanza, maana nilipokosa pa kulala ndipo nilipokwenda zahanati. Nesi alipima mkojo, akakuta hakuna mimba, akatazama ndani ya kope zangu, akabonyeza pale pale alipobonyeza mama wa Balangdalalu, na uso wake ukabadilika. Kutoka hapo ilikuwa hospitali baada ya hospitali, mpaka ile kubwa ya kanda, safari ya siku nzima ukiwa na bahati. Getini kulikuwa na ndoo za maji na sabuni, na mlinzi aliyetuelekezea kifaa cha kupima joto usoni kama anatupiga risasi. Walichukua damu mkononi, halafu uboho kwenye mfupa wa nyonga, jambo ambalo sitalieleza. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliniambia ni saratani ya damu.

Nilimuuliza, "Inakuaje damu ipate saratani, wakati haikai mahali pamoja?" Nilikuwa nauliza kweli. Akanitazama kidogo, akanipeleka maabara mwenyewe. Mtaalamu wa maabara alinisogezea kiti kirefu, nikaweka jicho kwenye hadubini. Niliona vitu vya duara, vingi vya rangi ya waridi, na kati yao vya zambarau, vimejazana, vinasukumana.

"Hivyo vya zambarau ndivyo vinavyolinda mwili," akasema yule mtaalamu. "Kwa mtu mwenye afya, hapo ungeona kimoja au viwili."

"Si vizuri basi, kuwa na walinzi wengi?"

"Hawajakomaa. Wamejaa njia tu, kazi hawaijui."

Nilitazama mpaka akaniambia inatosha. Sijui kama watu wengine huogopa wanapoona hivyo. Mimi nilihisi kama nimeonyeshwa nchi ambayo sijafika, na kumbe nimetembea nayo muda wote. Hofu ilikuja baadaye, kwenye benchi, pale daktari aliponiambia mambo mawili. La kwanza, aina yangu ni ya mwendo wa pole na ina kidonge: kimoja kila siku, baada ya chakula, na maji mengi, bila kuruka hata siku moja. La pili, mpaka damu itulie, korona ikinikuta inaweza kunimaliza. "Kaa mbali na watu," akasema. "Mikusanyiko, misiba, ibada, minada, yote uache. Una nyumba ambayo unaweza kukaa hivyo?"

Nikasema ninayo. Sikuwa nayo. Katika basi la kurudi nilipanga kichwani nyumba zote nilizowahi kulala, na kila moja ilikuwa na watu wanane. Aliyebaki alikuwa Mama Safari wa Nambis, mjane ambaye niliwahi kumlimia viazi misimu miwili. Mwanawe Safari alikuwa kazini mbali. Mama huyu alikuwa mkavu, mfupi, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na hakuwahi kunisifu hata siku niliyomaliza shamba lote peke yangu.

Nilifika mchana. Alikuwa uani anapepeta maharage. Nikamwamkia shikamoo nikiwa bado njiani, akaitikia marahaba bila kuinua uso, kisha akauinua, akaona tumbo.

"Baki hapo hapo," akasema.

"Mama, sina mimba. Ni ugonjwa wa damu. Nina karatasi."

"Baki hapo." Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati, bakuli, na kijinga cha moto juu ya kigae. Akanipita kwa mbali, akateremka shambani mpaka kwenye kibanda alichohifadhia magunzi, karibu na mikaratusi. Vile vyombo akaviweka kwenye jiwe lililokuwa mbele yake. "Hiki kikombe ni chako. Moto ni wako, usiuache uzime, sitakupa mwingine. Maji utachota chini kwenye mkondo, si kisimani. Nyumbani kwangu usipande."

"Karatasi, mama. Isome basi."

"Sijui kusoma. Karatasi ni yako pia."

Nilikaa pale zaidi ya miezi saba. Kibanda kilikuwa na ukuta wa udongo, paa la bati lenye matundu matatu, na nusu yake ilijaa magunzi ambayo panya waliyazunguka usiku kucha. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia kwa mlango. Nilikunywa uji, nikameza kidonge, nikanywa kikombe cha maji na kingine tena, nikangoja kichefuchefu kipite. Macho yalivimba, misuli ya miguu ilikaza kama kamba. Niliweka alama za mkaa kwenye mkanda wa kitambaa, nikajipima tumbo kila Jumapili. Kwa Jumapili tano za mwanzo hakuna kilichobadilika. Ya sita, mkanda ulilegea kwa upana wa kidole, nikaurudia mara nne kabla ya kuamini.

Chakula kililetwa mara mbili kwa siku na kuwekwa juu ya jiwe: ugali na maziwa mgando, mboga ya majani ya maboga, siku nyingine makande. Mama Safari aliweka, akarudi hatua kumi juu, akaketi kwenye ukingo wa shamba la viazi, na hapo ndipo tulipozungumza, kwa sauti ya kutosha kuvuka matuta. Nilimuuliza kila kitu. Kwa nini kikombe na si kijiko? Nani alianzisha? Je, mwanaume naye hutengwa?

"Hutengwa. Mimi na mume wangu tulitengwa mwaka mzima, alipokufa mtoto wetu wa pili."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa kimya," akasema. Kisha akaongeza, "Hakuna aliyekuja kutuambia tusilie. Hilo lilikuwa zuri."

Njia ya wanawake kwenda mkondoni ilipita nyuma ya kibanda changu, na ukuta ulikuwa mwembamba. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nina mimba ya dereva wa lori la vitunguu. Wiki iliyofuata ilikuwa ya Mbarabaig mmoja mwenye ng'ombe mia. Halafu ikawa ya katekista, lakini hiyo haikudumu, kwa sababu katekista ana mke mkali na mtu aliogopa. Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mama Neema, jirani wa juu, mwimbaji wa kwaya. "Mimi simsemi," aliwahi kusema, akiwa ametua ndoo kabisa ili asiniseme vizuri. "Lakini angekuwa binti yangu angeniambia ni nani." Nilikuwa nakaa ndani nimeshika mdomo nisicheke. Kuna siku sikucheka. Mtu akikupita akatazama miti, siku ya kwanza unaona ni mchezo, siku ya sitini unaanza kujitazama mikono yako.

Redio ya Mama Neema ilisikika mpaka kwangu, na ilianza kusema kwamba ugonjwa umeondoka. Ndoo za maji zikatolewa milangoni, barakoa zikawa vitambaa vya kufutia vumbi, arusi zikarudi, mnada ukajaa. Lakini vifua havikusikiliza redio. Kwenye mashamba ya juu mzee mmoja alikohoa wiki moja akafa, kisha dada yake. Watu walijaa msibani, wakashikana mikono, wakala sinia moja. Mama Safari alikwenda, maana walikuwa watu wake. Aliporudi hakushuka kwenye jiwe. Alikiacha chakula mbali, kwenye kona ya juu ya shamba, akapaza sauti: "Nimetoka kwa wafu. Sasa na mimi nimetengwa. Siku kumi na nne usinisogelee." Nilihesabu siku hizo. Nilitaka kumuuliza kama idadi hiyo ni ya wazee au ni ya redio, lakini alikuwa mbali mno kwa maswali.

Hospitali walinipa dawa za miezi mitatu kwa pamoja ili nisisafiri ovyo. Niliporudi safari ya pili daktari alibonyeza akashindwa kulipata bandama. Akabonyeza tena, akatabasamu. Damu ilikuwa inakaribia kutulia. "Bado miezi michache," akasema. "Usilegeze." Nilishuka Nambis nikiwa mwepesi, nikateremka shambani mchana kweupe, sketi imenikaa vizuri kiunoni. Sikuwaza kabisa kwamba kuna watu waliokuwa wanahesabu.

Walikuja siku ya tatu. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Akonaay, alikuwa mbele, nyuma yake wazee wawili, mgambo mmoja mwenye fimbo, na wanawake wasiopungua kumi, Mama Neema akiwa wa kwanza. Walisimama juu ya shamba la viazi, hakuna aliyeshuka. Mama Safari alitoka na ungo wake, akasimama kati yao na mimi.

"Mama Safari," akaanza Mzee Akonaay, "tumekuja kwa jambo moja. Binti huyu alifika hapa na mimba ya miezi mitano. Miezi saba imepita. Tumbo halipo. Mtoto yuko wapi?"

Ndipo nilipoelewa. Walidhani nimemuua. Jambo hilo mtu hufungwa kwalo, na kabla ya polisi kufika kuna mambo mengine yanaweza kutokea shambani.

"Mtoto gani?" akauliza Mama Safari.

"Usitufanyie hivyo," Mama Neema akalia. "Wewe mwenyewe ulisema!"

"Nilisema nini?"

"Ulisema ametengwa!"

"Na si ametengwa? Mlimwona wapi, kanisani?" Mama Safari akawageukia wazee. "Waliniuliza kama nimemtenga, nikasema ndiyo. Mimba mmempa ninyi. Mlimpa na baba watatu."

Mzee mmoja alicheka akajifanya anakohoa, na wenzake wakasogea pembeni. Mzee Akonaay hakucheka. Niliposema nina karatasi ya hospitali, akaagiza iletwe. Niliiweka juu ya jiwe nikarudi nyuma, mgambo akaichukua kwa ncha za vidole. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma muda mrefu, midomo ikitembea. Karatasi iliandikwa kwa Kiingereza, lakini daktari alikuwa ameniandikia chini yake kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, nijue la kumwambia nesi yeyote nitakayemkuta njiani. Mzee aliposoma sehemu hiyo alisoma kwa sauti. Saratani ya damu. Anatumia dawa kila siku. Asikae kwenye mikusanyiko.

 Halafu Mama Neema akapiga yowe, "Jamani, mwanangu!" akaanza kuteremka matutani, mikono ameinyoosha, machozi yanamtoka, na nyuma yake wengine nao wakaanza, wote wakisema pole, pole sana, na katikati ya pole zile nilisikia kikohozi kikavu, halafu kingine. Miezi saba hakuna aliyenigusa. Nilitaka wafike. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: nilitaka Mama Neema anikumbatie kuliko nilivyotaka kupona.

"Simameni!" nilipiga kelele. "Naomba msivuke jiwe!"

Wakasimama. Mzee Akonaay akasema kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwingine mlango, "Binti, umekwisha kusafishika. Huna kosa. Metimani imekwisha, panda nyumbani."

"Shikamoo mzee," nikasema, kwa kuwa sikuwa nimemwamkia. "Nashukuru. Lakini naomba mniache niendelee kutengwa."

Wazee walitazamana. "Hakuna aliyewahi kuliomba hilo," mmoja akasema. "Mtu hutengwa kwa jambo fulani, na jambo lina muda wake. Wewe tutakuhesabia kwa lipi?"

"Kwa damu. Daktari akisema imetulia, nitapanda mwenyewe. Mpaka hapo mtu asinishike mkono. Mkija, mje mpaka pale kwenye viazi."

Walijadiliana kwa Kiiraqw, chinichini, muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nadhani waliifurahia kazi hiyo, ilikuwa zamani sana tangu mtu awaulize sheria. Mwishowe Mzee Akonaay alirudisha karatasi kwa mgambo, akasema, "Ametengwa. Atakayevuka jiwe atanijibu mimi." Akageuka kwa wanawake. "Na majina ya wanaume yaishe." Mama Neema alifuta uso kwa ncha ya khanga, akaketi pale pale alipofika, juu ya tuta, akaanza kuniuliza maswali kwa sauti ya kwaya: kidonge kina rangi gani, kinauma tumboni, damu inakaaje ikiumwa. Nikamweleza kuhusu vile vya zambarau. Hakuna aliyewahi kunisikiliza vile.

Walipoondoka, Mama Safari alileta chakula kama kawaida, akaweka, akapanda hatua kumi, akaketi.

"Mama," nikasema, "nilikuambia siku ya kwanza. Uliniamini?"

"Hapana."

"Ulijua lini basi kwamba si mimba?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli anapoulizwa, hakuwa na majibu ya akiba. "Sikujua," akasema. "Nilikutenga kwanza, nikangoja nione kitakachotoka."

"Na kama angetoka mtoto?"

"Maziwa yapo."

"Na kama ningekufa?"

"Ningekuzika mimi, nikajitenga." Akaelekeza kidevu kwenye bakuli. "Kula. Una kidonge cha kumeza."